Kompyuta Iliyopimwa kwa Koleo

Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, wenye maduka ya kompyuta pale Moi Avenue walikuwa na haraka ya kuuza. Hakuna aliyetaka kufungia mali dukani wakati hajui mji utaamkaje. Mimi na Ami tukaona ndio wakati wa kushuka mjini, tukanunue ile mashine ya kuwa seva ya nyumbani, yaani ya kuhifadhi na kurusha video za ukoo, tuliyokuwa tukiizungumza tangu harusi ya dada yangu mdogo.

Ami ni kaka yake baba, fundi wa stima mstaafu, na nyumba tunayokaa Eastleigh ni yake. Kwa hiyo mita ya tokeni iko kwa jina lake. Sharti lake lilikuwa moja tu: mashine ya kukesha usiku na mchana haikanyagi kwake mpaka ajue inakula kiasi gani.

Kazi ya mashine ilikuwa nyepesi kuieleza. Video zote za ukoo zikae mahali pamoja, na yeyote aliyeko nyumbani azione kwa runinga au simu bila kutafuta flashi. Ugumu ulikuwa kwenye video zenyewe. Zile zilizopendwa zaidi zilirekodiwa na binamu yetu kwa iPhone mpya, kwa mfumo wa kubana video wa H.265 wa biti 10, zenye rangi za HDR, yaani mwangaza na rangi pana kuliko kawaida. Runinga yetu ya sebuleni inaelewa H.264, mfumo wa zamani zaidi, basi. Ukiichomekea flashi unasikia vigelegele na huoni mtu. Seva ilitakiwa iichukue video hiyo, iifungue, iigeuze iwe H.264 na kuituma, yote papo hapo mtu akiwa anatazama.

Kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nguvu: prosesa, ubongo wa kompyuta, itoe jasho ikokotoe kila kipande cha picha. Ya pili ni sehemu maalumu ambayo Intel imeiweka ndani ya prosesa zake nyingi tangu 2011, iitwayo Quick Sync, isiyo na kazi nyingine ila kufungua na kufunga video. Mimi nilikuwa nimeshaamua njia ya pili. Tena programu niliyoitaka, Jellyfin, haidai malipo kwa kutumia sehemu hiyo; Plex, programu nyingine ya kazi hiyo, huiweka kwenye kifurushi cha kulipia.

Tuliposhuka kwenye matatu Tom Mboya, vijana wa kuvuta wateja walimwona Ami na kanzu yake wakatuzunguka. "Sheikh, karibu laptop! Desktop ziko, printa iko!" Ami akawaitikia salamu mmoja mmoja kana kwamba tumealikwa, na hapo nikajua siku itakuwa ndefu.

Duka tuliloingia lilikuwa chumba chembamba ghorofani, kompyuta za ofisi kutoka Uingereza zimepangwa mpaka darini. Baadhi bado zilikuwa na stika za namba za mali za huko zilikotoka. Muuzaji, kijana mpole, alinisikiliza nusu kisha akamgeukia mwenye umri.

"Mzee wangu, kama ni seva, msichukue hivi vidogo. Chukueni hii." Akapiga kofi kasha jeusi zito, HP Z440. "Hii ni Xeon. Watu wa studio ndio wananunua hii."

"Inakula wati ngapi?" Ami akauliza.

"Mzee, hii ni mashine ya nguvu. Hilo si swali la kuuliza."

Ndani yake mlikuwa na Xeon E5-1620 v3, prosesa ambayo Intel yenyewe imeipangia kiwango cha joto cha wati 140. Nguvu ilikuwepo, sikatai. Lakini Xeon za ukoo wa E5 hazina sehemu ya picha kabisa, na kwa hiyo hazina Quick Sync. Nilipomwambia hivyo muuzaji alikuwa na jibu tayari: mlikuwa na kadi ya michoro ya GT 1030 ndani. Na kweli, wakati ule kadi za michoro zilikuwa zimetoka kwenye msimu wa bei za kutisha, kwa hiyo kuikuta moja ndani ya kasha ni kama nyongeza ya bure. Shida ya GT 1030 ni kwamba inafungua video lakini haina kifaa cha kuifunga upya. Nusu ya kazi ingerudi kwa prosesa.

Ami hakuwa anasikiliza habari za kodeki, yaani hiyo mifumo ya kubana video. Alikuwa ametia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa mita yake ya koleo, inayopima mkondo kwa kuzunguka waya bila kuukata, na kutoka mfuko wa pili kebo fupi aliyoitengeneza mwenyewe. Gamba la nje la kebo hiyo amelichana katikati, waya zikatengana. Koleo likizunguka waya zote mbili kwa pamoja, umeme wa kwenda na wa kurudi hufutana na mita husoma sifuri. Ni lazima lishike waya mmoja peke yake. Tena huo waya mmoja ameuacha mrefu makusudi, akauviringisha mara kumi kwenye taya la koleo, kwa sababu mkondo mdogo hausomeki vizuri. Ukishasoma, unagawanya kwa kumi.

Muuzaji akaacha kuzungumza. Mashine ikawashwa, ikaachwa itulie bila kufanya chochote. Koleo likasoma 3.9. Ami akaandika nyuma ya risiti ya mtu: ampea 0.39, mara volti 240, wati kama 94. Mara saa 720 za mwezi, gawa kwa elfu, uniti kama 67.

"Na hapo imelala," akasema.

Alijua fika kwamba mita ya nyumbani haihesabu hasa hivyo, lakini kwa kulinganisha mashine na mashine ilitosha. Nyumbani tulikuwa tunatumia uniti 60 hivi kwa mwezi. Miaka ile bei nafuu ya stima za nyumbani ilikuwa kwa wasiozidi uniti 100. Ile Xeon ingetuvusha mpaka, na siyo yenyewe tu ingelipiwa ghali. Friji, pasi, taa, kila kitu kingepanda nayo.

Nikaomba tupime zile za ofisi. Zilikuwepo zenye prosesa ya Intel ya i5-6500, kizazi cha 6, na moja tu ya i5-7500, kizazi cha 7, katika kasha refu lenye nafasi ya diski mbili kubwa. Kwa macho zinafanana, na kwa kazi za ofisi hutaona tofauti. Kwa H.265 ya biti 10 tofauti ni kubwa: kizazi cha 6 kina njia kamili ya biti 8 tu, kizazi cha 7 ndicho kilichokuja na ile ya biti 10. Nilikuwa na kipande cha video kwenye flashi. Kwenye ya kwanza prosesa ilipanda karibu na kilele, na shangazi zangu wakawa wanacheza kwa kukatakata. Kwenye ya pili prosesa haikushtuka. Muuzaji akainama kwenye skrini, akaangalia tena, akasema, "Kumbe." Koleo lilisoma 1.1 mashine ikiwa imetulia. Uniti 19 kwa mwezi.

Bei tuliishusha polepole. Alianza na kusema kizazi cha 7 ni adimu, Ami akamjibu kwamba Windows 11 imezikataa na yeye anajua. (Nilimfundisha hilo ndani ya matatu. Microsoft ilitaka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa prosesa chache, na sisi tulikuwa tunaweka Linux badala ya Windows.) Ramu ya gigabaiti 8 tukaiacha kama ilivyo, inatosha kabisa. Pawa saplai sikuigusa: kwenye mashine hizi za ofisi plagi zake si za kawaida, huwezi kubadilisha na yoyote ya dukani, kwa hiyo nilichoangalia ni kama kuna waya wa kulisha diski ya pili. Ulikuwepo.

Diski ndiyo sikukubali ya mtumba. Diski iliyokwisha kufanya kazi miaka mitano ofisini kwa watu, mimi siiwekei harusi ya mtu. Nairobi ukitaka diski mpya ya kukesha, rahisi kupata ni zile za kamera za ulinzi, maana kila jengo linafunga kamera. Nilichukua WD Purple ya terabaiti 4. Nilichokuwa nakwepa ni diski za SMR, ambazo njia zake za data zimepandana kama makuti ya paa: ukitaka kuandika upya mstari mmoja, lazima uguse na jirani zake. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red, diski za seva za nyumbani hasa, zilikuwa za namna hiyo. Hizi za kamera hazikuwemo.

Muuzaji alitaka tuchukue mbili tuziunganishe, moja iwe kioo cha nyingine, zote zikiwa na video zilezile. Ami akamuuliza, "Na mwizi akibeba kasha?" Tukachukua mbili, lakini ya pili ilipokwisha kunakiliwa ikapanda basi kwenda Mombasa kwa shangazi, na iko kabatini mwake hadi leo.

Kilichobaki kilikuwa UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikikatika, ya VA 650, ambayo Ami aliichagua mwenyewe Luthuli Avenue kwa kuinyanyua mkononi kupima uzito wa betri. Stima ilipokatika mara ya kwanza, runinga ilizima lakini mashine haikutikisika, na watoto wakaendelea kutazama kwa simu mpaka raouta nayo ikafa. Kesho yake Ami akaichomeka raouta kwenye UPS hiyo hiyo. Kesho kutwa nikakuta amechomeka na taa yake ya kusomea. Raouta niliiacha, taa nikaichomoa, tukabishana mpaka Magharibi.