Kuta za kasri la Litomyšl

Jamani, nimefika Litomyšl, mji mdogo wa mashariki mwa Bohemia, Jamhuri ya Czech, na akili yangu bado iko kwenye kuta za kasri lake. Kwa mbali utaapa ni mawe ya kuchonga. Ukisogea unakuta ni lipu tupu! Mafundi walipaka lipu nyeusi, wakaifunika kwa chokaa nyeupe, kisha kabla haijakauka wakaikwangua ile ya juu mpaka michoro ikatokea. Vipande vyenye umbo la bahasha ni takriban 8,000, na wenyeji husema hakuna viwili vinavyofanana. Nilisimama uani shingo juu nikivilinganisha kimoja kimoja, na sikupata pacha.

Aliyeanza ujenzi mwaka 1568 ni Vratislav wa Pernštejn, bwana mkubwa wa Bohemia ambaye mkewe alikuwa Mhispania. Kazi alimpa Mwitaliano, Giovanni Battista Aostalli, ndiyo maana ua umezungukwa na roshani za matao, ghorofa juu ya ghorofa.

Ndani kuna ukumbi wa maigizo wa 1797, wa mbao, mdogo mno, na mandhari za jukwaani alizochora Josef Platzer zingali zipo. Chumba hicho nimekipenda kuliko kumbi zote za kifahari. UNESCO iliorodhesha kasri hili kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1999.

Wapenzi wa muziki, vukeni mpaka kiwanda cha bia kilicho mkabala: humo ndimo alimozaliwa mtunzi wa muziki wa Kicheki, Bedřich Smetana, mwaka 1824.