Kijana wangu na hili swala la urefu

Kuna swali nimelichoka jamani, "hivi huyu ndo yule wa Form Two?" Mwanangu ana miaka 14 lakini mtu akimwona anamweka darasa la tano, binti wa dadangu wamepishana miezi tu keshampita kichwa kizima, af kila sherehe ya familia lazima atokee wa kuwasimamisha mgongo kwa mgongo. Yeye anacheka nao, tukirudi home namkuta ananing'inia kwenye bomba la geti. Najifanya sijaona.

Suruali yake ya shule tulinunua ya kukulia, fundi akakunja upindo mrefu kwa ndani tukasema mwakani tunaushusha. Upindo upo vilevile.

Na ukigugo hii kitu mara moja tu umekwisha, simu nzima inajaa vidonge vya kurefusha, unga sijui wa nini, bei yake unanunua mchele wa mwezi. Mie hao nawaita wezi kabisa. Mfupa unarefukia kwenye zile sehemu laini za miishoni, zikishafunga baada ya balehe hakuna kidonge cha kuzifungua, na kama bado ziko wazi mtoto si anakua mwenyewe bila wao?

Daktari tuliyeenda kwake wala hakushtuka na urefu wa siku ile, yeye alitaka kujua mwaka jana alikuwa na ngapi, bahati nzuri huwa tunamchora kwa kalamu kwenye fremu ya mlango. Mvulana kabla ya kubalehe anaongezeka kama sentimita 5 hivi kwa mwaka, kasi ya balehe ikimkamata anaweza kupata 9 hata zaidi, ila wasichana wanatangulia kama miaka miwili ndo maana binti wa dada anatamba. Akauliza kuhusu msosi, minyoo, sikoseli, kuharisha, dawa anazotumia, af nikatolewa nje akamchunguza. Akasema balehe imeanza. Kumbe kwa mvulana dalili ya kwanza ni korodani kukua, mie nilikuwa nasubiri sauti na ndevu! Ila kama mtoto katimiza 14 na hakuna dalili yoyote, au mwaka umeisha hajaongezeka, hapo usikae nyumbani, wanaweza kumpiga eksirei ya mkono wa kushoto waone umri wa mifupa.

Kuna na hesabu ya kukisia ukubwani atafika urefu gani, kwa mvulana unajumlisha urefu wa baba na mama kwa sentimita, unaongeza 13, unagawa kwa 2. Sisi ni 168 na 158, inakuja 169 na nusu, anaweza kupungua au kuzidi kama sentimita 8. Sasa mnategemea twiga atoke wapi kwenye nyumba hii?

Ndo baba mtu nae anafungua mdomo, "mbona mie nilirefuka baada ya Form Four." Miaka yote ya ndoa hajawahi kusema! Nikampigia mama mkwe, akacheka sana, eti mwanawe huyo alikuwa anavalishwa suruali zilizombana mdogo wake. Na daktari alishasema kuchelewa hivi mara nyingi kunarithiwa.

Kwahiyo mayai na dagaa vinaendelea, kulala mapema tunagombana kila siku, kupima tena Disemba shule zikifungwa. Kaniomba kitu kimoja tu, matokeo nisiyatupie kwenye grupu la familia.