Kibwebwe cha lenzi: nilivyoachana na begi la chini ya meza

Nilipolalamika kwamba kubadilisha lenzi katikati ya harusi kunanikosesha picha, ushauri ulimiminika. Nianze na wale walioniambia "nunua bodi ya pili," yaani kamera ya pili, ili kila moja ikae na lenzi yake. Ahsanteni sana. Hii ya kwanza nimeilipia kwa upatu wa miezi kumi, ya pili nitaitoa wapi? Na yule aliyesema ninunue zoom moja, lenzi ya kuvuta karibu na mbali inayofanya kila kitu, aje nayo ukumbini Igoma saa tatu usiku, MC amewasha taa zake za zambarau, ndipo tuongee.

Napiga harusi, sendoff na kipaimara hapa Mwanza. Bodi moja ya Canon, lenzi tatu, naziita kwa milimita zake: 50, 85, na ile 70-200 f/2.8 (inayopokea mwanga mwingi) nyeupe yenye karibu kilo moja na nusu peke yake. Begi lilikuwa linakaa chini ya meza ya kamati. Kila nikitaka kubadilisha lenzi napiga magoti, nafungua zipu, nachomoa, navisha, nikiinuka bibi harusi ameshalishwa keki na shangazi zake wameshafuta machozi. Siku moja mama mmoja aliniuliza, tena kwa sauti, "Dada, umekuja kupiga picha au kusali?"

Nikaenda Mlango Mmoja, nikakuta kizibao cha mtumba chenye mifuko kumi na kitu, rangi ya matope. Elfu sita au saba hivi. Nilipokivaa nikajiona mwandishi wa habari wa kimataifa. Jumamosi hiyohiyo nilikuwa na maharusi pale Bismarck, kwenye lile jiwe la ziwani, kama Jumamosi zote. Bwana harusi akataka picha ya kutoka chini, jiwe lionekane nyuma na yeye aonekane mrefu (hakuwa mrefu). Nikachuchumaa kwenye mwamba, nikainama, nikainama tena kidogo. Nikahisi kifua kimekuwa chepesi. Ile 50 ilikuwa imetoka mfuko wa juu kimyakimya kama mtoto anayetoroka ibada. Ikagonga mwamba mara moja, ikabiringika taratibu, kwa heshima kabisa, na nina uhakika ilisimama kidogo pembeni kunitazama. Halafu chubwi. Lile jiwe limekaa kwa kuning'inia juu ya wenzake tangu kabla Wajerumani hawajalipa jina la kansela wao, na halijaanguka. Lenzi yangu ilikaa kizibaoni dakika arobaini.

Vijana wawili waliokuwa wakioga jirani walikubali kuizamia kwa elfu mbili, ikapanda hadi elfu tano walipouona uso wangu. Wakaitoa. Ilikuwa na maji ndani, ukiiinamisha yanacheza kama pima maji ya fundi mwashi. Mtu akanishauri niifukie kwenye mchele siku tatu. Nikaifukia. Ikatoka na ukungu ndani ya kioo na punje moja ya mchele imekwama kwenye pete ya fokasi. Mchele wenyewe tuliupika tukala.

Basi nikajifanya mhandisi. Nilikuwa nimeona huko nje wanauza vishikizo vya mkandani: unaivisha lenzi kwenye kishikizo kwa kuizungusha, kama unavyoivisha kwenye kamera, inabaki inaning'inia kiunoni. Bei yake pamoja na usafirishaji sikuimalizia kusoma. Nikachukua kifuniko cha nyuma cha lenzi, nikakipigia skrubu kwenye mkanda, nikaongeza gundi kwa ajili ya amani ya moyo. Nyumbani kilifanya kazi vizuri mno. Nilizunguka sebuleni na 85 inaning'inia kama embe. Nisichokijua ni kwamba kwenye kamera kuna kipini kinachoifunga lenzi, ndicho kinacholia "tak", na ndicho unachokiachia ukibonyeza kile kitufe cha pembeni. Kifuniko hakina kipini. Kinaishikilia lenzi kwa kubana tu.

Ikafika kwaito. Mistari imepangwa, mimi nimo katikati napiga, nyonga za kina mama zinanisugua kushoto, zinanisugua kulia, na kila nyonga inaizungusha lenzi kidogo. Ilitua kwenye sahani ya pilau ya mzee mmoja. Mzee akaitazama, akanitazama, akasema, "Binti yangu, mimi nyama nimeshapewa."

Wazo lililonitoa nililipata Kirumba Mwaloni, na wala sikwenda kutafuta wazo, nilikwenda kununua dagaa. Mama niliyenunua kwake alikuwa amejifunga aproni ya mifuko mitatu juu ya khanga. Nikampa elfu kumi. Akaitumbukiza mfuko wa kati, mkono ukahamia wa kulia ukatoka na chenji, na muda wote huo macho yake yako kwa mteja mwingine wanayebishana naye kuhusu ujazo wa sado. Alipomalizana na yule mteja akaichukua ile elfu kumi yangu, akaihamishia mfuko wa noti kubwa. Wa kati ukabaki mtupu tena.

"Mama, huo wa kati mbona huweki kitu?"

"Mwanangu, mkono wenye kitu unataka pa kukitua kwanza kabla haujashika kingine. Au nishike kwa meno?"

Mimi nilikuwa nashika kwa meno! Miaka miwili yote: kifuniko mdomoni, lenzi moja kwapani, nyingine mkononi, kamera inaning'inia shingoni mdomo wazi inakula vumbi. Nilikuwa nahangaika na begi gani, kizibao gani, kumbe nilichokosa ni mfuko mtupu. Lenzi ukiwa nazo tatu, moja iko kwenye kamera, mbili ziko kiunoni, basi mifuko iwe mitatu. Kazi ndiyo hiyo.

Mkanda nilikata kiunoni mwa begi la mtumba la wapanda milima, ule mpana wenye sponji unaokaa juu ya mfupa wa nyonga. Elfu nane, na begi lililobaki mdogo wangu anaendea nalo shule. Usitumie mkanda wa suruali. Nilijaribu siku moja na 70-200, na kilichonitokea mbele ya mchungaji sikisimulii.

Mifuko nikampelekea fundi wa mabegi Makoroboi. Sikumpelekea lenzi, maana meza yake ina gundi kuliko mbao, nikampelekea chupa ndogo ya chai yenye unene uleule.

"Shikamoo mzee. Nataka mfuko wa kuingia hii."

"Marahaba mama. Chai unauza wapi?"

Nilimweleza, akacheka, kisha akawa makini kuliko mimi. Chini ya kila mfuko ameweka soli ya kandambili, hivyo nikikaa vibaya lenzi haigongi kiti. Ndani ameshona kitambaa cha mwavuli uliokufa, kwa sababu hakitoi manyoya. Na mdomoni, hili ni lake, mimi nisingeliwaza, amepitisha spoku ya baiskeli ndani ya pindo, akaikunja duara. Mfuko haufungi mdomo. Unatumbukiza lenzi bila kutazama, kama unavyotupa ganda la ndizi kwenye ndoo. Juu kuna ulimi wa turubai unaolalia wenyewe. Mfuko wa 70-200 una kifungo cha shati kwa nje ili kidole kiujue gizani.

Kosa langu: nilisahau kwamba ile lenzi ina kikinga mwanga, na kikigeuzwa kinaifanya iwe nene. Mfuko wa kwanza ukabana, fundi akafumua, nikalipa mara mbili. Jumla yote, mkanda na ufundi na kumnunulia soda, haikufika elfu thelathini. Labda ilifika.

Sasa inakwenda hivi. Kamera nimeizima, imetazama chini, mgongo wangu uko kwenye upepo. Dole gumba la kushoto kwenye kitufe, nazungusha, lenzi inaingia mfuko mtupu. Mkono huohuo unapita kwa jirani, unatoka na nyingine, doti nyekundu ya lenzi kwa doti nyekundu ya kamera, tak. Sekunde saba, nane nikiwa na kiatu kirefu. Mwanzoni nilifanya mazoezi kitandani, ili ikianguka iangukie godoro, na mwanangu ndiye alikuwa akihesabu. Siku ya kazi, vifuniko vya nyuma naviacha nyumbani. Wapo watakaopiga kelele hapo kuhusu vumbi, wapige, ila mifuko yangu naipangusa kwa kitambaa kibichi kila Ijumaa. Ziwani ni habari nyingine. Mwezi unapoandama, vile vijidudu vinapoinuka juu ya maji kama moshi, sibadilishi lenzi hata kwa hela. Kimoja kikiingia ndani ya kamera kitatokea kwenye kila picha, katikati ya paji la uso la bibi harusi.

Na jirani yako akikuazima Nikon, kumbuka ile inazunguka upande wa pili. Niliikaza badala ya kuifungua, huku nimesimamiwa na kamati nzima.

Kina mama wa ukumbini sasa wananiita "aliyejifunga kibwebwe". Wapiga picha wenzangu walicheka mwezi mmoja, wa pili wakaanza kuniuliza fundi yuko wapi. Nimewapeleka wanne. Wiki iliyopita nilirudi kwake kuongeza mfuko wa betri, akanitajia bei mpya, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, bila hata kupepesa. Ile 50 iliyozama nilikuwa nimemwachia baadaye awe anapimia mifuko midogo. Nilimwomba anirudishie. Akaishika, akaigeuzageuza, akaiweka juu ya karatasi zake za kukatia ili zisipeperuke, akasema, "Hii mama niachie, hii ndiyo iliyoniletea wateja."