Siku nilipoandika "hakuna jibu" ubaoni

Siku hiyo mwalimu aliingia darasani bila kitabu. Akachukua chaki, akaandika mstari mmoja tu: gawanya 10 katika sehemu mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 40. Akapangusa mikono, akaketi.

Aljebra ya juu tulikuwa tumeianza karibuni. Polinomia, logi, mifuatano na matriksi vilikuwa bado mbele yetu, lakini milinganyo ya kipeo cha pili tuliimudu, na kanuni yake tuliisoma kwa moyo. Nikanyoosha mkono.

Nilianza kwa kujaribu. 5 mara 5 ni 25. 4 mara 6 ni 24. 3 mara 7 ni 21. Kadiri unavyoziachanisha, ndivyo zao linavyoshuka. Kilele ni 25, na 40 iko juu huko, haifikiki. Nikaandika mlinganyo, x² − 10x + 40 = 0, na chini ya alama ya kipeuo nikapata 100 − 160, yaani −60. Nikapiga mstari, nikaandika HAKUNA JIBU, nikageuka kurudi kitini.

"Hakuna jibu miongoni mwa namba zipi?" mwalimu akauliza.

Sikuwa na la kusema. Kwangu namba zilikuwa namba tu. Na kumbe nilipokuwa mdogo, 3 kutoa 5 nayo tuliambiwa haiwezekani, mpaka tulipoletewa namba hasi. 3 kugawanya kwa 2 ilikuwa "moja, baki moja", mpaka sehemu zilipokuja. Yote hayo nilikuwa nimeyapitia bila kuyaunganisha hata siku moja.

Akaniambia niendelee kana kwamba sikuona kizuizi. Nikakamilisha mraba: (x − 5)² = −15. Basi sehemu moja ni 5 + √−15, ya pili ni 5 − √−15.

"Hakiki."

Jumla ilikuwa nyepesi: vipeuo vinafutana, inabaki 10. Kwenye zao ndipo nilipokwama. Nilihitaji 25, nitoe √−15 mara √−15. Nikafanya kama tulivyozoea, nikaziingiza −15 zote mbili chini ya alama moja. Hasi kwa hasi ni chanya, nikapata √225, yaani 15. Na 25 − 15 ni 10.

Niliitazama ile 10 kwa muda mrefu. Kila hatua nilikuwa na hakika nayo. Mwalimu akaja akasimama kando yangu, akaweka kidole kwenye alama ya kipeuo.

"Hiki ni nini?"

"Kipeuo cha pili cha hasi 15, mwalimu."

"Maana yake?"

"Ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata..." Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimejisikia. Unapata hasi 15. Ile ruhusa ya kuviunganisha vipeuo chini ya alama moja tulipewa kwa namba zisizo hasi, na sharti hilo lilikuwemo kwenye daftari langu mwenyewe, mstari mdogo niliounakili bila kuusoma. Nikafuta kwa kiganja. 25 − (−15). Arobaini.

Ndipo akatuambia kwamba swali lile lilichapishwa na Gerolamo Cardano wa Italia mwaka 1545, na kwamba Cardano mwenyewe alipofika pale aliona ni werevu usio na manufaa. Kisha akafuta ubao na kuandika jingine: x³ = 15x + 4.

Jibu la hili linaonekana kwa macho. Ni 4, maana 64 ni sawa na 60 jumlisha 4. Lakini ukiifuata kanuni ya Cardano ya kipeo cha tatu, inakupitisha kwenye kipeuo cha tatu cha 2 + √−121, ukijumlisha na cha 2 − √−121. Hapo huwezi kuandika "hakuna jibu". Jibu unaliona, ila njia ya kulifikia inapita mahali ulipokataa kukanyaga. Mpaka leo naamini namba changamano, yaani hizi zenye vipeuo vya pili vya namba hasi ndani yake, zingefundishwa kuanzia hapa. Tukianza na x² + 1 = 0, mwanafunzi ana haki ya kusema haina jibu na kuendelea na maisha yake. Mwanahisabati Rafael Bombelli, naye wa Italia, ndiye aliyeuvuka mlinganyo huu, katika kazi yake ya mwaka 1572, kwa kuzizidisha namba hizo hatua kwa hatua kama namba nyingine zozote.

Kengele ikalia. "Andikeni i badala ya √−1," mwalimu akasema, "mkajaribu 2 + i kwa kipeo cha tatu."

Usiku huo nilikaa na daftari. (2 + i)(2 + i) ni 4 + 4i − 1, yaani 3 + 4i. Nikazidisha tena kwa 2 + i: 6 + 3i + 8i − 4. Nikakusanya, nikapata 2 + 11i. Na 11i ndiyo √−121. Kwa hiyo kipeuo cha tatu kilichokuwa kinatisha ni 2 + i tu, na cha pacha wake ni 2 − i. Nikavijumlisha. Zile i zikafutana, ikabaki 4.

Nikaizungushia duara, kisha nikafungua ukurasa mpya na kurudia hesabu yote tangu mwanzo, ili nizione zikifutana tena.