Nimetoa kokoto za bluu, nimeweka mchanga na majani ya kweli

Kokoto za bluu kwenye tenki langu la samaki zimeondoka. Na ule mnazi wa plastiki, na lile jumba lenye mlango ambao hakuna samaki hata mmoja aliyewahi kupita, vyote nimempa mtoto wa jirani anachezea kwenye beseni huko. Tenki sasa lina mchanga wa kawaida kabisa, ule wa kujengea, na majani hai, samaki ni walewale, gupi, moli na sodteli. Wageni wakija wanadhani nimeagiza vitu nje wakati mchanga wote haujafika hata bei ya chipsi kuku.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa joto letu hili la Dar na umeme unaokatika bila hodi, tenki lenye majani hai linavumilia kuliko tenki la mapambo. Shughuli iko kwenye kuhama. Watu wengi wanajua ni kutoa mawe, kumwaga mchanga, imeisha hiyo, halafu wiki hiyohiyo samaki wanaanza kuelea mmoja mmoja na mtu anakwambia mchanga una sumu.

Tuanze na huo mchanga. Usiende kuchota Coco wala Kigamboni. Achana hata na habari ya ufukwe kuliwa na maji, mchanga wa bahari una chumvi na umejaa vipande vya makombe na matumbawe, hiyo ni kalsiamu kaboneti, inayeyuka taratibu inapandisha pH (kipimo cha asidi, ikipanda asidi imepungua) na ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka humo. Moli na gupi wanapenda maji magumu kidogo kwa hiyo hawatakufa leo, ila kama unatumia kisima, na visima vyetu vingi huku maji yana chumvichumvi, basi unaongeza mzigo juu ya mzigo. Kipimo kipo jikoni kwako: mchanga mkavu kijiko kimoja kwenye kisosi, dondoshea siki, sogeza sikio. Ukisikia shiii na ukaona vipovu vidogovidogo vinatoka katikati ya chembe, huo peleka bustanini. Nilijaribu na kokoto za Kunduchi kwa udadisi tu, zilichemka kwelikweli, na lazima zichemke maana kule ni mawe ya matumbawe ya zamani. Mchanga wa mto ulikaa kimya kabisa.

Nilikoenda kununua jamaa akaniuliza, "Kaka, unaziba ufa au?" nikamwambia hapana, ni wa tenki la samaki, akamgeukia mwenzake, "Njoo umsikie braza huku, samaki wake wanajenga!" Wakacheka weee, lakini kiroba wakanijazia vizuri na cha juu wakaniongezea. Hesabu yenyewe ni nyepesi: tenki langu ni sentimita 90 kwa 45, nilitaka kina cha sentimita 4, inakuja lita 16 na kidogo, ambazo ni kama kilo 26 za mchanga mkavu. Ndoo moja ya lita 20 haijai. Usizidishe kina, mchanga ukiwa mnene sana hewa haifiki chini, mle ndani kunaanza kutengeneza gesi inayonuka yai viza, na hiyo kwa samaki si mchezo.

Kuosha ndo kazi yenyewe. Chekecha kwanza utoe mawe na vumbi, halafu weka nusu ndoo, ingiza mpira wa maji hadi chini, vuruga kwa mkono, mwaga, rudia. Maji ya mwanzo yanatoka rangi ya chai ya maziwa na utakata tamaa, utajiambia basi inatosha, haitoshi, endelea mpaka ukivuruga bado unauona mkono wako chini ya ndoo. Na usimwage kwenye sinki tafadhali, mwenye nyumba atakukumbuka vibaya.

Sasa huku ndiko wengi wanakoumia. Zile kokoto za zamani hata kama ni mbaya wa sura, juu yake, na ndani ya filta, lile chujio la maji, wanaishi bakteria ambao ndio wanaowaweka samaki wako hai. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linaigeuza naitreti, ambayo ina nafuu na majani yanaila. Ukitoa kokoto zote, ukaosha filta kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, ukabadilisha na maji yote kisa unataka usafi, umewaua wafanyakazi wote kwa mpigo. Na kwetu ni hatari zaidi, maana amonia inazidi ukali maji yakiwa ya moto na pH ikiwa juu, yaani hali yetu ya kila siku.

Kwa hiyo filta sikuigusa kabisa. Samaki niliwaweka kwenye beseni kubwa na maji yao ya tenki, filta ikaendelea kuzunguka humohumo na pampu ya hewa pembeni, juu nikatupia kipande cha chandarua maana moli anaruka huyo. Nikanyonya maji hadi nusu, nikazoa kokoto kwa kizoleo cha taka, zingine kidogo nikazifunga kwenye soksi ya nailoni nikairudisha pembeni ya tenki ikae wiki kadhaa bakteria wahamie mchangani. Haipendezi, ila inafanya kazi. Mchanga unaushusha kwa kikombe, usiumwage kwa juu, na maji unayamimina juu ya sahani iliyolazwa chini ili usichimbe shimo. Filta usiiwashe tenkini mpaka vumbi litulie, chembe za mchanga zikiingia kwenye mota zinaitafuna, na mdomo wa kunyonyea upandishe juu kidogo. Maji ya kuongezea kama ni ya bomba la DAWASA yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, funika kwa chandarua usije ukafuga mbu wa dengi.

Majani nayo. Nina valisneria, yale marefu membamba kama utepe, yanapandwa mizizi ndani na shingo inabaki nje. Nina anubiasi, mmea wa Afrika huku huku, wenye asili ya Magharibi na Kati, huu usiuzike, lile shina nene likifukiwa linaoza, ufunge kwa uzi kwenye jiwe. Na nina yale manyoya ya kijani yanayoelea bila mizizi, seratofilamu, yanakua kwa fujo na yanakula uchafu kuliko yote, hayo hata kwenye maziwa yetu yapo. Juu kabisa nimening'iniza vikonyo vya manipulanti ya sebuleni, mizizi majini, majani nje. Wiki za mwanzo valisneria ilinyong'onyea majani yakawa kama yanayeyuka, usiing'oe, inatupa majani ya zamani inaanza mapya.

Ukichukua majani mtoni au bwawani kuna jambo watu hawalisemi: konokono. Kuna aina za konokono wa maji baridi wanaobeba kichocho, na kichocho Dar kipo. Vaa glavu, usikanyage yale maji, na majani yaloweke kwanza kwenye maji ya shabu, halafu yakae ndoo ya pembeni siku kadhaa ukikagua mayai, yale ya kama jeli chini ya jani. Na ukipunguza majani usiyatupe mtaroni, yakaushe juani kwanza. Gugu maji pale Ziwa Victoria lilivyosumbua tunajua wote.

Taa naiwasha saa sita kwa siku, basi, zaidi ya hapo mwani unafurahi. Mchana mkali nafungulia feni ipige juu ya maji, yanapoa digrii mbili tatu. Umeme ukikatika mchana nakaa na amani kidogo, majani yakipata mwanga wa dirishani yanatoa oksijeni, ikifika alasiri unaona kabisa viputo vimejipanga kwenye ncha za majani. Usiku ni kinyume, majani nayo yanavuta hewa pamoja na samaki, kwa hiyo usijaze samaki kisa una bustani, na nunua ile pampu ndogo ya yuesbi inayotumia pawabenki, ni bei ndogo sana ukilinganisha na kuamka asubuhi ukute msiba.

Usafi umekuwa mwepesi, hilo sikulitegemea. Kwenye kokoto uchafu ulikuwa unazama katikati ya mawe unaozea humo, kwenye mchanga unabaki juu unauona, unapitisha mpira kwa juu juu tu unanyonya. Gupi siku nzima wanadonoa mchanga wanautema.

Wenye godifishi lakini msinifuate. Yule atayala hayo majani na yatakayobaki atayang'oa, kwake weka mchanga mtupu na anubiasi iliyofungwa kwenye jiwe zito. Wengine wote mkiwa pande za Tabata semeni, valisneria imeshazaa watoto hadi kwenye kona ya filta na sina pa kuwapeleka, njoo na mfuko wenye maji.