Mwanaume Aliyepokea Simu za Mwalimu

"Mwanangu, kuna mwanaume anapokea simu zangu."

Mwalimu aliniambia hivyo kabla sijamaliza kumwamkia, akaiweka simu yake mezani. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2022, kwenye kibanda cha kutengeneza simu pale Ngamiani, Tanga. Alikuwa amestaafu kufundisha na ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha akina mama wa mtaani kwake. Tangu mchana kila aliyempigia alijibiwa na kijana mwenye sauti tulivu, akisema Mwalimu yuko kikaoni, acha ujumbe. Yeye mwenyewe akipiga, simu inatoka vizuri. WhatsApp nayo ilikuwa imemtoa na kumwarifu kwamba namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine.

Watu wawili waliokuwepo kibandani walisema laini imeibiwa. Haikuwa hivyo, na ilikuwa lazima jambo hilo lieleweke kabla ya kugusa chochote. Mtu akienda kwa wakala akarudishiwa laini yako kwa hila, kadi iliyo kwenye simu yako hufa palepale: mtandao unapotea, hupigi wala hupigiwi. Kadi ya Mwalimu ilikuwa hai, mtandao umejaa. Simu zinatoka lakini haziingii: hiyo ni dalili ya simu zilizohamishwa. Nikabonyeza *#21#, amri ya kuuliza kama kuna uhamisho. Jibu likaja kwenye kioo: simu za sauti zinapelekwa kwenye namba ambayo Mwalimu hakuitambua.

"Mwalimu, leo asubuhi nani alikupigia?"

Akakumbuka. Kijana mwenye adabu, anaita "mama" kila sentensi, alijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja. Alimtajia majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, akamwambia laini itafungwa kwa kuwa usajili haujahakikiwa. Kisha akamsomea vya kubonyeza: nyota, nyota, 21, nyota, halafu namba ya simu, halafu reli (#), halafu piga.

Amri hiyo inauambia mtandao upeleke kila simu inayoingia kwenye namba iliyotajwa. Inafanya kazi kwenye simu ya tochi na kwenye simu janja, kwa sababu utaratibu uko kwenye mtandao wenyewe wala hauhitaji programu. Baada ya hapo tapeli aliweka namba ya Mwalimu kwenye WhatsApp ya simu yake. WhatsApp huthibitisha namba kwa tarakimu sita zinazotumwa kwa meseji. Zisipoingizwa, baada ya muda mfupi mtu anaruhusiwa kuomba azisomewe kwa kupigiwa. Uhamisho ule haugusi meseji, kwa hiyo tarakimu za kwanza zilimfikia Mwalimu, akaziacha kwa kuwa hakuwa ameziomba. Simu ya kusoma tarakimu ilikwenda moja kwa moja kwa tapeli. Basi. Hakuvunja nywila yoyote.

Kazi ya kurudisha ina mpangilio wake, na ukiupindua unapoteza muda ambao tapeli anautumia kuomba pesa. Wengi hukimbilia kuingia upya WhatsApp. Kwa nini ni vibaya? Uhamisho ukiwa bado upo, tapeli ataomba tena kusomewa tarakimu na kukutoa dakika hiyohiyo. Na kila ombi jipya la tarakimu huongeza muda wa kusubiri ombi linalofuata. Mkivutana hivyo mnaweza kujikuta mnasubiri kwa saa kadhaa. Kwanza nikabonyeza ##21#, ambayo inafuta uhamisho huo, kisha ##002#, ambayo inafuta uhamisho wa kila aina: wa simu zote, wa unapokuwa unaongea, wa usipopokea, wa ukiwa nje ya mtandao. Aina hizo za pembeni zina namba zao, kwa mfano 67* ni ya ukiwa unaongea, na tapeli anayejua kazi yake anaweza kuziweka zote. Nikarudia *#21# kuhakikisha. Kisha jirani akampigia, simu ikaita mkononi mwake.

Hapo hapo Mwalimu akampigia mwenyekiti wa kikoba. Kwenye kundi lao tapeli alikuwa ameshaandika kwa jina lake kwamba laini ya pesa ina hitilafu, marejesho ya wiki yatumwe kwenye namba nyingine. Wanachama wawili walikuwa wametuma. Mwenyekiti akaiondoa namba ya Mwalimu kwenye kundi, akaweka ujumbe wa sauti, wala si wa maandishi, kwa sababu maandishi siku hiyo hayakuwa na thamani tena kwa mtu yeyote. Waliotuma wakapiga 100, huduma kwa wateja, wakiwa na namba ya muamala. Muamala mmoja ulizuiwa kwa kuwa pesa haijatolewa. Wa pili ulikuwa umeshakwenda kwa wakala. Aliyepoteza akaenda polisi kuchukua RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa, na ile namba ya tapeli tukaituma 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeitenga kwa taarifa za utapeli.

Ndipo tukaingia WhatsApp. Tarakimu sita zikaja kwa meseji, tukaziingiza, na programu ikaomba namba nyingine ya siri ambayo Mwalimu hakuwahi kuiweka. Tapeli alikuwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Wengi wakifika hapa hukata tamaa, na ni huzuni, kwa kuwa wameshashinda bila kujua. Ukishaingiza tarakimu sita za meseji, aliyekuwa anatumia akaunti yako anatolewa hapohapo, hata kama wewe bado hujaruhusiwa kuingia. Kinachobaki ni kusubiri siku 7, kisha WhatsApp inakuruhusu kuingia bila ile namba yake ya siri. Ndani ya siku hizo hawezi kurudi bila tarakimu mpya, na tarakimu sasa zinakuja kwa Mwalimu peke yake.

Mwalimu aliona aibu kwamba kijana yule atakuwa amesoma mazungumzo yake na wanawe. Nilimhakikishia kuwa hakuyaona. Meseji za zamani za WhatsApp hukaa kwenye simu yenyewe na kwenye nakala ya akiba. Anayesajili namba kwenye simu nyingine huona makundi uliyomo na meseji zinazoingia tangu wakati huo. Ila nakala ya akiba iko kwenye akaunti ya Google, na hapo ndipo nilipohofia zaidi. Namba ya kurudishia akaunti ilikuwa laini ileile, na Google pia huweza kusoma tarakimu zake kwa kupiga. Tukafungua orodha ya vifaa vilivyoingia, hatukukuta kigeni, tukabadilisha nywila, tukaongeza barua pepe ya binti yake kama njia ya pili. Tukawasha hatua mbili na kuchukua zile namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Aliziandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaziweka kwenye bahasha ya vyeti. Kuzipiga picha na kuziacha kwenye simu ileile hakusaidii: simu ikipotea zimepotea nazo.

"Na hela za kikoba?" aliuliza.

Uhamisho wa simu haufungui akaunti ya pesa, kwa sababu menyu yake inafanya kazi kutoka kwenye kadi ya laini yenyewe. Lakini namba yake ya siri ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kila anayeiona nakala ya kitambulisho chako ameuona mwaka wako. Sasa hesabu umeiacha wapi nakala hiyo: kwa wakala wa laini, kwa mkopeshaji, kwenye duka la stesheneri ulikotuma picha kwa WhatsApp ili wachapishe, na picha ikabaki kwenye kompyuta yao. Kwenye kundi la kikoba tukakuta picha ya ukurasa mzima wa rejesta, majina matatu matatu, namba za simu na namba za NIDA za wanachama wote. Ilikuwa imewekwa miezi mingi nyuma kwa nia njema, ili kila mtu ahakiki taarifa zake. Kufuta picha kama hiyo kwa wote kuna muda wake, na hata ukiwahi, iliyokwishapakuliwa inaweza kubaki kwenye simu ya yeyote aliyekuwemo, pamoja na aliyejitoa na aliyeuza simu bila kuisafisha.

Tulipiga *106# kwenye laini zake ili kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikatokea namba moja asiyoijua. Alipofikiri, akakumbuka wakala wa barabarani wakati wa usajili wa alama za vidole, aliyemwambia mtandao umekataa, rudia kidole. Alirudia. Kila kidole kinachokubaliwa kinaweza kusajili laini, na laini hiyo ikitumika kutapeli, jina linalosomeka ni lako. Nilimwambia wazi kwamba hilo lilinikasirisha kuliko WhatsApp. Siku iliyofuata alikwenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, akaikana, ikafungwa.

Jambo la mwisho lilikuwa kuweka kufuli ya kadi ya laini, ambayo karibu hakuna anayeiweka. Simu iliyofungwa kwa alama ya kidole haizuii mwizi kuchomoa laini, kuipachika kwenye simu nyingine na kupokea tarakimu zote za uthibitisho. Kufuli ya kadi huomba namba ya siri kila simu inapowashwa. Ukikosea mara tatu inadai PUK, namba ya kuifungulia kadi, yenye tarakimu 8, na PUK ikikosewa mara kumi kadi imekufa, kwa hiyo kile kiplastiki kilichokuja na laini, chenye PUK, hakitupwi. Tukazima pia meseji zisionekane juu ya kioo kikiwa kimefungwa.

Siku 7 zilipotimia aliingia, tukawasha hatua mbili kwa namba yake na barua pepe yake, maana bila barua pepe ukisahau namba unasubiri tena wiki nzima. Mwenyekiti hakumrudisha kwenye kundi hadi alipompigia na kuongea naye, na rejesta ikabaki kwenye daftari.

Ile laini aliyosajiliwa bila kujua iliishia kufungwa tu. Wakala hakuulizwa na mtu, na wakati huo hakukuwa bado na ofisi maalumu ya malalamiko ya taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa baadaye mwaka huohuo wa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Mtu akija leo na kisa kama hiki, ninamwandikisha mambo manne kabla laini haijafungwa: namba ngeni iliyoonekana kwenye *106#, tarehe aliyoiona, mahali aliposajiliwa, na jina la duka lililoifunga. Kisha ninamsaidia kuandika lalamiko kwa Tume.