Ni mvuke tu, shangazi

"Ni mvuke tu, shangazi." Tangu Junior aniambie hivyo jikoni kuhusu vape, zile sigara za kielektroniki, maneno yamegoma kutoka kichwani. Mahari ya Neema imepokelewa, bosi mpya kaingia ofisini, mimi bado niko na mvuke.

Kile kidude chenye rangi ya pipi kina betri, koili na pamba iliyoloweshwa kimiminika: propilini glaikoli, glisirini, ladha na nikotini. Ukivuta, koili inapata moto na kimiminika kinageuka matone madogo mno yanayoingia mapafuni. Kikiisha na ukaendelea kuvuta, pamba inaungua. Ukiona 5% kwenye boksi, hesabu miligramu kama 50 za nikotini kwa kila mililita. Umoja wa Ulaya kikomo chao ni 20. Tena nyingi ni nikotini ya chumvi: asidi ya benzoiki inaituliza, koo halichomi, anayeanza anavuta kwa raha zake. Sigara ya kawaida angalau ilikuwa na adabu ya kukukohoza mara ya kwanza.

Nikamwambia yote hayo, kwa ukali. Akanitazama: "Sasa shangazi, mbona tangazo halisemi?"

Hasira zikaniishia hapohapo. Mtoto kaamini alichooneshwa: embe, barafu, vijana wanacheka ufukweni. Na hakukiona kwenye bango barabarani, kimemfuata kwenye statasi ya WhatsApp.

Tanzania iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na ibara ya 13 inazungumzia kupiga marufuku matangazo. Kwa vidude hivi, kanuni itaje kifaa, kimiminika na vipuri vyote, hata vyenye nikotini 0%, maana nembo ni ileile na ndipo tangazo linapopenyea. Posti ya kulipwa, sampuli ya bure, kupanga maboksi kaunta pembeni ya pipi: vyote vihesabiwe tangazo. Picha za matunda zitoke kwenye boksi, kiwango cha nikotini kiandikwe mbele kwa Kiswahili. Faini aanze nayo mwagizaji. Ukimkamata kijana wa duka Kariakoo, kesho yupo mwingine kwenye stuli ileile.

Junior kasema atawaambia wenzake. "Wataniona mshamba," akaongeza, na kweli watamwona.

Halafu Jumamosi ni zamu yangu ya mchezo, na kijumbe hapokei simu tangu juzi.